Ghala la Forodha la Salem: Shajara ya Mradi wa Mwongozo wa Kiswahili

Februari

Tumeafikiana. Kikundi chetu cha Waswahili tunaoishi miji ya kaskazini mwa Boston kitaandaa mwongozo wa sauti, kwa Kiswahili, wa ghala la zamani la forodha mjini Salem, jimbo la Massachusetts. Ghala hilo huitwa Public Stores. Lilijengwa kwa matofali mwaka 1819, limeegemea mgongo wa Jumba la Forodha katika mtaa wa Derby. Ukitoka mbele ya jumba na kuvuka barabara unafika gati la Derby, lililoingia baharini karibu nusu maili. Eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 17 Machi 1938, na ndilo la kwanza Marekani kutangazwa kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa.

Jumba la Forodha lina mapambo yake: ngazi pana, nguzo, na juu ya paa nakala ya tai wa mbao aliyechongwa na Joseph True mwaka 1826. Watalii humpiga picha huyo tai, kisha wanakwenda kutafuta habari za kesi za uchawi za 1692, maana hicho ndicho kinachowaleta wengi Salem. Ghala la nyuma halina urembo. Lina boriti, mapipa, masanduku ya chai na marobota yaliyopangwa kuonyesha jinsi mali ilivyokuwa ikikaa. Nilipoingia humo mara ya kwanza nilitamani kumwambia kila aliyekuwa karibu nami kwamba mji huu uliishi miaka mingi kwa mali iliyotoka Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Hapakuwa na sentensi hata moja ya Kiswahili ukutani. Ndiyo maana ya mradi huu. Walioichimba mali ile, wakaibeba, wakaipima na kuivaa, wasikike ndani ya ghala kwa lugha yao.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kupanga vituo. Msikilizaji ataanzia kwenye gati, apite kwenye nyumba ya mizani, aingie ghalani, halafu atembee hadi kilipokuwa kiwanda cha nguo. Kila kituo kitakuwa na maelezo ya dakika chache tu. Watu wanasimama, wana watoto, na Februari hapa baridi inakata masikio.

Machi, mwanzo

Rasimu ya kituo cha ghala imeandikwa. Nimeanza na kazi ya jengo, kwa sababu asiyeelewa ushuru haelewi kwa nini serikali ilijenga ghala lake wakati wafanyabiashara tayari walikuwa na yao gatini.

Kabla ya kodi ya mapato kuwapo, serikali ya Marekani iliendeshwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa bandarini. Merikebu ilipofunga gati, nahodha alipeleka orodha ya shehena kwa maofisa wa forodha. Wakaguzi walipanda chomboni kulinganisha orodha na mali. Kilichopimwa kwa uzito kiliwekwa kwenye mizani, na kilichokuwa cha maji, kama mvinyo, kikapimwa kwa ujazo. Mwenye mali akilipa, anachukua. Asipolipa, mali inafungiwa katika ghala la serikali mpaka deni limalizike, au mpaka ipakiwe tena kwenda bandari nyingine. Sheria ya maghala ya mwaka 1846 iliupanua utaratibu huo nchi nzima, mfanyabiashara akaweza kuweka bidhaa chini ya ufunguo wa forodha bila kutoa fedha papo hapo.

Nyumba ya mizani iko nyuma, ndogo, ya mwaka 1829. Mizani mikubwa ilitunzwa humo na kutolewa kila chombo kilipofika. Kituo hiki nakipenda sana, kwa sababu ni hapa ambapo mali iliyopimwa kwa frasila Unguja ilipimwa upya kwa ratili za Marekani. Frasila moja ilikaribia ratili 35. Karani wa Salem alilazimika kuijua frasila kama alivyoijua pishi yake ya nyumbani.

Jambo moja la historia linahitaji kukaa mwanzoni kabisa. Ghala hili lilijengwa wakati neema ya kwanza ya Salem imeshapungua. Utajiri wa mwanzo ulitoka India, China, na hasa Sumatra, kwenye pilipili manga. Halafu Rais Jefferson akafunga bandari kwa amri ya mwaka 1807, ikafuata vita na Uingereza iliyoanza 1812, na meli zilipoongezeka ukubwa zikaanza kupendelea Boston na New York zenye maji ya kina. Serikali ikajenga jumba la fahari na ghala lake mwaka 1819, na shehena zilizotarajiwa hazikurudi kwa wingi ule. Pengo hilo ndilo lililowafanya vijana wa Salem wazunguke Rasi ya Tumaini Jema wakatafute mahali ambapo Boston haijafika. Kufikia miaka ya 1820 walikuwa wanatia nanga Unguja.

Machi, mwisho

Mkutano wa kusoma rasimu. Bi mkubwa wetu, mzaliwa wa Kilwa, alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wanangu, mmeanza na matofali. Matofali hayakuvuka bahari. Anzeni na kilichokuwa ndani."

Tukakubaliana naye hapo hapo. Maelezo ya ushuru yatabaki, lakini msikilizaji atakutana kwanza na sandarusi.

Aprili, mwanzo

Nimetumia siku nyingi kwenye sandarusi kuliko nilivyotenga, na sijuti, kwa sababu hakuna bidhaa inayounganisha majengo haya na ardhi yetu kama hii.

Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, unaoota kwenye misitu ya pwani. Ule uliothaminiwa zaidi haukutoka mtini. Ulikuwa umelala mchangani karne kwa karne, msitu uliouzaa umeshatoweka, ukawa mgumu kiasi cha kufanana na kioo cha rangi ya asali. Watu wa pwani ya Mrima na sehemu za nyuma ya Kilwa waliufukua kwa jembe kutoka mashimo mafupi, wakauza kwa madalali, ukachujwa mchanga na kupelekwa Unguja. Wafanyabiashara waliutofautisha na ule ulioitwa chakazi, ambao haukuwa umekomaa na ulipata bei ndogo.

Kilichofanya Wamarekani waufuate ni vanishi. Sandarusi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani ilitoa vanishi ngumu, inayong'aa, isiyochubuka upesi. Magari ya farasi, samani, milango ya nyumba za matajiri, vyote viliipata. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 merikebu Black Warrior ilirudi Salem na shehena kubwa ya kwanza ya sandarusi ambayo haijasafishwa. Aliyeinunua Unguja ni John Bertram, nahodha aliyekuja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa mji. Nyumba yake ndiyo maktaba ya umma ya Salem tangu 1889, na fedha zake zilianzisha hospitali ya mji mwaka 1873.

Sandarusi ghafi ina ganda la udongo mwekundu. Jonathan Whipple alifungua kiwanda cha kuisafisha hapa Salem katika miaka ya 1830. Wafanyakazi waliiloweka kwenye maji ya magadi mpaka ganda lilegee, wakaianika juani, wakaipiga brashi, kisha wakaichambua kwa ukubwa na rangi. Ikishatoka hapo ina uso wenye vipele vidogo vidogo, na vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyotazama kujua kama ni ile ya kuchimbwa kweli. Familia kadhaa za Salem zilikula kwa kazi hiyo kwa takriban miaka thelathini.

Mwaka 1861 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa senti kumi kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa. Hesabu ikageuka mara moja. Ilikuwa nafuu kuisafisha Unguja kabla ya kuipakia, na kazi ya kuosha ikahamia huko. Nimekisisitiza kipengele hiki kwenye maandishi. Watu wetu wa leo wanabishana kila siku kuhusu korosho na kahawa kuuzwa ghafi, na hapa kuna mfano wa ushuru wa nchi moja kuhamisha kazi kutoka mji mmoja hadi mwingine, ng'ambo ya bahari mbili.

Nilimpigia shangazi yangu Bagamoyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imepungua huko?"

Nilipotaja sandarusi alicheka kwa furaha. Alisema wakiwa wadogo walikatazwa kukimbia ovyo msituni kwa sababu ya mashimo ya wachimbaji wa zamani yaliyofunikwa na majani, na kwamba mama yake aliweka vipande vichache kwenye kikebe pamoja na ubani. Nimemwomba ruhusa ya kutumia sauti yake kwenye kituo hiki. Amekubali, kwa sharti kwamba nimtumie asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni haki yake.

Aprili, mwisho

Sasa upande wa pili wa biashara: merikebu zilizokwenda Unguja hazikwenda tupu.

Zilibeba bunduki na baruti, masango ya shaba, sukari, sabuni, samani, saa za ukutani, na riale za Maria Theresa. Zaidi ya vyote zilibeba nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa, nzito, yenye kudumu: merikani. Kutoka Unguja ilisafiri jora kwa jora mabegani mwa wapagazi hadi Unyamwezi na Ujiji. Ililipa hongo za njiani kwa watemi, ililipa chakula cha msafara, ilinunua pembe. Katika bara kubwa ambako riale hazikuwa na kazi, merikani ilikuwa fedha.

Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwanza mahali kama Lowell. Mwaka 1839 wafanyabiashara wa Salem waliunda kampuni yao, Naumkeag Steam Cotton Company, na mwaka 1847 kiwanda chao cha mvuke kilianza kufuma hapa mjini, umbali wa kutembea kutoka ghalani. Kiliteketea katika moto mkubwa wa 25 Juni 1914, kikajengwa upya, kikafunga katika miaka ya 1950. Majengo yake mapya bado yapo, na mtaa unaoyazunguka leo ni wa familia nyingi za Kidominika. Hapo ndipo kituo chetu cha mwisho.

Pamba ya viwanda hivyo ilitoka kusini mwa Marekani, ikalimwa na kuchumwa na watu waliokuwa watumwa. Kwa hiyo jora moja la merikani lilipita katika mikono ya mtumwa wa Georgia au Mississippi, msichana mfanyakazi wa Massachusetts, baharia wa Salem, hamali wa Unguja na mpagazi wa Kinyamwezi, kabla ya kufungwa kiunoni mwa mtu wa Tabora. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye rasimu na nimewaomba wenzangu wasiiguse.

Mei, mwanzo

Mkutano mrefu. Suala lilikuwa utumwa: tuutaje wapi, na kwa kiasi gani. Ndugu mmoja, mtu wa heshima sana kwenye kikundi, aliona kwamba tukiweka utumwa katika kila kituo wageni watachoka na watoto watatishika. Mwingine, mzaliwa wa Tanga, alijibu kwamba karafuu za Unguja zililimwa na watumwa, na misafara ya pembe ilifuatana na misafara ya watu waliofungwa, kwa hiyo kuutaja mahali pamoja tu ni kudanganya. Sauti zilipanda. Bi mkubwa akatuagiza tunywe chai kwanza.

Nilisimama upande wa mtu wa Tanga, na sababu yangu ni Salem yenyewe. Utumwa ulikomeshwa Massachusetts katika miaka ya 1780. Mwaka 1832 wanawake weusi huru wa Salem walianzisha chama chao cha kupinga utumwa, cha kwanza cha wanawake nchini Marekani. Familia ya Remond, watu weusi huru waliopinga utumwa, ilikuwa ya mji huu. Sarah Parker Remond, binti wa Salem, alisimama Manchester mwaka 1859 akawaambia Waingereza kwamba katika fedha zote zilizotoka kwenye pamba iliyojaza mitaa yao, hata senti moja haikufika mikononi mwa walioilima. Wakati huo huo merikebu za mji wake zilikuwa zinabeba nguo ya pamba hiyo hiyo kwenda Unguja, na kurudi na mali ya kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897.

Mji ulikuwa na sauti zilizosema wazi, na ulikuwa na maghala yaliyojaa. Mambo hayo mawili yalikaa mitaa michache tu, moja kutoka jingine. Mgeni anayesimama kwenye mtaa wa Derby anapaswa kuyasikia pamoja, la sivyo ataondoka akidhani kwamba biashara ilikuwa ya kaskazini yenye mikono safi na dhambi ilikuwa ya kusini peke yake.

Uamuzi: utumwa utatajwa katika kila kituo ambako bidhaa inauleta, kwa sentensi fupi, bila kuupaka rangi. Kituo cha nguo kitakuwa na maneno ya Sarah Parker Remond kwa ufupisho wetu. Ndugu yule wa heshima aliridhia na ndiye atakayekisoma.

Mei, katikati

Upande wa Unguja umekamilika haraka kuliko nilivyodhani, kwa sababu matukio yake yanajipanga yenyewe.

Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alifika Unguja miaka ya mwisho ya 1820, akalalamikia masharti ya biashara mbele ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, akarudi kwao na kuishawishi serikali. Rais Andrew Jackson akamtuma kama mjumbe. Mkataba ulitiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833. Ushuru wa kuingiza bidhaa ulipangwa asilimia tano, na Marekani ikapewa haki ya kuweka balozi mdogo. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 vyombo vya kigeni 41 vilifika Unguja. Vya Marekani vilikuwa 32, na kati ya hivyo 20 vilitoka Salem. Hesabu hiyo tumeiweka mwanzoni mwa kituo cha gati. Anayesikia anageuka kuutazama mji huu mdogo kwa macho mengine.

Balozi wa kwanza, Richard Waters, alitoka Salem na kufika Unguja Machi 1837, miaka minne kabla ya mwakilishi wa Uingereza, Atkins Hamerton. Mabalozi wa aina yake waliishi kwa biashara yao wenyewe. Waters alielewana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha yote ya Unguja kutoka kwa Sultani. Jairam ndiye aliyejua nani analeta nini, na mahamali wa bandarini walikuwa chini ya mkono wake. Asiyeelewana naye angeweza kukaa na shehena yake chomboni asipate mtu wa kuishusha. Kwa hiyo palikuwa na forodha mbili, moja ya serikali mtaa wa Derby na moja ya kukodishwa Unguja, na mfanyabiashara wa Salem alipaswa kuwa na marafiki katika zote mbili. Haya nimeyaandika kwa urefu, nadhani ni sehemu bora ya mwongozo mzima.

Mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa ofisa wa forodha katika Jumba hili kuanzia 1846 hadi 1849. Tumempa sentensi mbili. Miongozo mingine yote ya mji inamhudumia vya kutosha.

Mei, mwisho

Mwenzetu kutoka Bukavu, anayeishi Lynn, amesoma maandishi yote na kuuliza: "Na Maniema? Pembe zenu mnazosema za Unguja, zilitoka kwetu."

Ana haki. Kadiri tembo wa karibu na pwani walivyokwisha, misafara ilisonga magharibi, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, na Kasongo ikawa kituo kikubwa cha pembe katika himaya ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja. Pembe zilizofika Marekani zilikwenda hasa Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya kufunika vibonye vya piano. Wakati pembe za Maniema zinamiminika, vyombo vingi vilikuwa vinashusha New York na Boston, na tumesema hivyo wazi ili tusiibebeshe Salem isichobeba. Kipande hiki atakisoma yeye, kwa Kiswahili cha Kivu. Ameuliza kama abadilishe matamshi yake. Tumemwambia asibadilishe herufi.

Juni

Kurekodi. Tulitumia chumba cha chini cha nyumba ya mmoja wetu, mablanketi ukutani, friji imezimwa. Wasomaji ni wa Unguja, Mombasa, Tanga na Bukavu. Miaka na tarakimu zinasomwa kwa Kiswahili kamili: elfu moja mia nane na kumi na tisa. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini inapendeza sikioni.

Sauti ya shangazi imeingia. Amesikiliza, akasema niondoe mahali alipokohoa.

Juni, mwisho

Majaribio ya kwanza mahali penyewe. Tulikwenda na familia kadhaa, wazee kwa watoto, siku ya jua.

Gatini watu walikuwa wanauliza maghala yako wapi. Zamani gati la Derby lilijaa maghala ya wafanyabiashara pande zake, na sasa ni nyasi na njia ya kutembea hadi kwenye mnara wa taa wa 1871. Lililopo ni Pedrick Store House, ghala la mbao la ghorofa tatu lililojengwa Marblehead karibu na mwaka 1770, likafunguliwa vipande na kuletwa hapa kusimamishwa upya miaka ya 2000. Tumeongeza dakika moja ya kulieleza, kwa sababu linampa mgeni kipimo cha macho: ghala la mfanyabiashara mmoja huku, la serikali kule. Mali isiyodaiwa ushuru ilikwenda moja kwa moja kwenye maghala kama hili. Iliyodaiwa ilivuka barabara. Kutokana na hilo tumeweka kanuni kwa mwongozo mzima: tunasema "gati hili" na "mji huu" kwa bidhaa za Unguja, na tunataja ghala la forodha pale tu tunapoeleza kazi ya ushuru.

Ndani ya ghala watoto walikwenda moja kwa moja kwenye mapipa. Kijana mmoja wa miaka kumi hivi aliposikia sauti ya shangazi inasema "mashimo" alitoa kisikilizio, akamuuliza mama yake kama mashimo hayo bado yapo. Mama hakujibu upesi, alikuwa anafuta macho. Yeye ni wa Kisarawe.

Marekebisho kutokana na siku hiyo: maelezo ya sheria ya 1846 yamepunguzwa nusu, kituo cha nyumba ya mizani kimeongezwa mlio wa mnyororo, kituo cha kiwanda kimepewa mahali pa kukaa, maana kutoka ghalani hadi huko wazee walichoka.

Julai

Kituo cha kufunga kimeandikwa upya. Kilikuwa kinaishia kiwandani kwa moto wa 1914. Sasa kinarudi nyuma hadi 1 Mei 1870, siku merikebu Glide ilipoingia kutoka Unguja. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya Salem kuleta shehena hapa kutoka ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema.

Sababu zake zilikuwa zimejikusanya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba viwandani, na nguo ya Uingereza na ya India ikaingia kwenye nafasi ya merikani katika masoko ya Unguja. Sandarusi ilikuwa inasafishwa kule kule. Bandari ya Salem ilikuwa na maji machache kwa vyombo vipya. Nyumba za biashara za Salem hazikuiacha Unguja, ziliendelea kuweka mawakala wao kisiwani miaka mingi baadaye, lakini mali yao ikashushwa Boston na New York. Ghala la serikali likaendelea na kazi ndogo ndogo za forodha mpaka miaka ya 1930, kisha likakabidhiwa hifadhi.

Tumeongeza pia maelekezo ya hiari kwa atakayekuwa na muda. Katika makumbusho ya Peabody Essex, mwendo mfupi kutoka hapa, imo picha ya kuchorwa ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York na merikebu Sultanah tarehe 30 Aprili 1840, akiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe na ngozi. Amevaa kilemba, ametulia. Watu wetu wengi wanaoishi hapa hawajawahi kuambiwa kwamba yumo.

Kilichobaki: kusawazisha sauti za vituo viwili, kuchapisha karatasi ya ramani, na kupata ruhusa ya kubandika alama ya kufungulia mwongozo kwa simu karibu na mlango wa ghala. Tumeandika barua ya maombi. Nakala za sauti zitapelekwa Bagamoyo na Unguja kwa watu wawili waliojitolea kuzisikiliza kwa ajili ya matamshi ya majina ya mahali, na kipande cha Maniema kitakwenda Bukavu kwa kaka wa msomaji. Shangazi ameshapata chake, na ameanza kukisikilizisha majirani.